Kiuno cha Fundi

Mwanzoni mwa mwaka 2018 babu yangu alianza kuswali ameketi. Alibeba kiti cha mbao alichokiunda mwenyewe, akakiweka mwisho wa safu, na wenzake waliporukuu na kusujudu yeye aliinamisha kichwa tu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Jibondo wazee wengi huswali wameketi, na babu alikuwa amevuka miaka sabini, zaidi ya hamsini kati yake akiwa ameinama juu ya mbao, tezo mkononi. Kiuno cha fundi wa vyombo lazima kiume. Tulisema hivyo sote.

Ninaandika habari hii kwa sababu ya neno hilo, "lazima". Limenisumbua tangu siku ile daktari wa Dar es Salaam alipotuonyesha kilichokuwa ndani ya kiuno kile, na limenifanya nisome historia ya ugonjwa ambao kabla ya hapo niliujua kwa jina tu: saratani ya tezi dume. Nilichokikuta ni kwamba tangu mwanzo ugonjwa huu umejificha nyuma ya maelezo yenye akili. Haukuwahitaji watu wajinga. Ulihitaji watu wenye sababu nzuri ya kutouliza.

Kwa asiyepafahamu, Jibondo ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini mwa Kisiwa Kikuu cha Mafia, jirani na Juani na Chole. Udongo wake ni haba, hivyo watu wake wameishi kwa bahari: samaki, pweza, mwani, na uundaji wa mashua na majahazi, kazi iliyowapa jina pwani nzima. Maji matamu ya kuchimba hakuna. Kwa vizazi vingi maji ya kunywa yalikingwa wakati wa mvua au yalivushwa kwa mashua kutoka Kisiwa Kikuu, kisha yakapandishwa ufukweni kwa mabega na vichwa. Mahali kama hapo mgongo unaouma hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Unahesabiwa kuwa kazi.

Babu hakuwa na kiuno peke yake. Kwa muda wa mwaka na zaidi alikuwa akiamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, na ilipokuja ilikatika katika, ikamalizikia kwa matone. Hilo nalo lilikuwa na jina: ngiri. Pwani yetu ngiri ni neno pana kama tanga. Linabeba maumivu ya chini ya kitovu, korodani zinazovuta, mkojo unaokataa, nguvu za kiume zinazopungua. Ngiri ina dawa zake, mizizi yake na wataalamu wake, na mwanamume mwenye ngiri hupewa pole bila kuulizwa mengi. Babu alikunywa dawa ya ngiri.

Kilichomuumiza zaidi, kama alivyokuja kuniambia baadaye, kilikuwa udhu. Matone yale yalimtoka bila taarifa, na kila yalipotoka aliona twahara yake imeharibika. Sheria ina nafasi kwa mtu wa namna hiyo: atawadhe kwa kila swala, aswali, na udhuru wake unatambuliwa. Babu aliijua ruhusa hiyo. Lakini kuitumia kungemlazimu aeleze kwa nini anakwenda kutawadha tena na tena, na hakutaka kueleza. Basi akaanza kubaki nyumbani. Msikiti wa Jibondo, ambao husimuliwa kwamba fremu ya mlango wake ilitoka katika mji uliokufa wa Kua kisiwani Juani, alikuwa ameusali tangu utotoni. Ijumaa moja hakuonekana, na ya pili, na ya tatu. Tukasema amechoka. Uzee nao ni jina zuri.

Kisha akaja na weupe. Viganja vilipauka, pumzi ikawa fupi, homa ikaja na kuondoka. Alipimwa malaria mara kadhaa. Safari moja alipewa dozi ya malaria, safari nyingine ya taifodi, na kila safari alipewa vidonge vya kuongeza damu. Siwalaumu waliompima. Mzee wa Mafia mwenye homa na damu ndogo, nani asingefikiria malaria?

*

Mwaka 1853 daktari mpasuaji wa The London Hospital aitwaye John Adams alichapisha maelezo ya mgonjwa aliyekufa kwa uvimbe wa tezi dume. Alikuwa ametazama kipande cha tezi ile kwa hadubini, na ripoti yake huhesabiwa kuwa ya kwanza kuthibitisha saratani ya tezi hii kwa njia hiyo. Adams aliandika kwamba huu ni ugonjwa adimu sana.

Haukuwa adimu. Mwanaume mzee aliyekojoa kwa shida alihesabiwa kuwa mzee, naye mwenye kuumwa mgongo alihesabiwa kuwa mtu aliyefanya kazi. Wengi walizikwa bila mtu kuunganisha mambo hayo mawili. London ya wakati ule nayo ilikuwa na "lazima" yake.

Mifupa, hata hivyo, huhifadhi kumbukumbu kuliko familia. Katika kaburi la Arzhan, Tuva, kusini mwa Siberia, wanaakiolojia walimfukua mtawala wa Kisikithi aliyezikwa kwa dhahabu nyingi yapata miaka 2,700 iliyopita. Mifupa yake ilikuwa na alama za saratani iliyotoka katika tezi dume na kuenea. Mwaka 2011 watafiti walichapisha picha za maiti ya Kimisri iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lisbon, mwanaume aliyekufa akiwa na miaka hamsini na kitu, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mashine ya skani ilionyesha vidoa vidogo vigumu katika nyonga na pingili za kiuno, katika mpangilio ambao madaktari wa leo wanaufahamu vizuri. Mfalme yule na Mmisri yule yawezekana sana waliumwa kiuno, na watu wa karibu yao wakawa na maelezo.

Kwa nini kiuno? Swali hilo lilichukua muda mrefu. Mwaka 1889 Mwingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kwamba ugonjwa ule haukusambaa ovyo. Ulichagua viungo. Akafananisha chembe za saratani na mbegu: upepo huzipeleka kila upande, lakini huota pale tu udongo unapozikubali. Miaka miwili baadaye Mjerumani Friedrich von Recklinghausen alieleza namna saratani ya tezi dume inavyopenda mifupa. Na mwaka 1940 Oscar Batson, mwalimu wa anatomia huko Philadelphia, aliingiza dawa yenye rangi katika mshipa wa uume wa maiti na kuifuatilia kwa eksirei. Ilipanda moja kwa moja kwenye nyonga na uti wa mgongo, kwa njia ya mishipa ya damu isiyo na vizuizi, ambamo damu huweza kwenda mbele na kurudi nyuma kama maji ya mkondo wakati wa kujaa na kupwa.

Leo tunajua kwamba njia ile si maelezo yote. Udongo wa Paget nao una sehemu yake. Lakini matokeo hayana ubishi. Katika uchunguzi wa maiti 1,589 za wanaume wenye saratani ya tezi dume, uliochapishwa mwaka 2000, miongoni mwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umesafiri kwa damu, karibu asilimia 90 ulikuwa umefika katika mifupa. Na ndani ya mifupa hiyo, hasa ya uti wa mgongo, nyonga na mbavu, ndimo ulimo uloto, ule ute laini tunaougonga kutoka kwenye mfupa wa supu. Humo ndimo damu ya mtu mzima inamotengenezwa.

*

Julai ile, Kusi ikivuma, tulimvusha babu. Miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi, na hilo halikuwa na jina zuri. Mashua hadi Kisiwa Kikuu, gari hadi Kilindoni, boti hadi Nyamisati, kisha basi hadi Mbagala, ambako mjomba wangu alikuwa na nyumba. Kila bati la barabara lilipita kiunoni mwake. Hakulia. Alishika mkono wangu na kuhesabu vijiji.

Hospitali tuliyofika sitaitaja, maana waliotuhudumia hawakunipa ruhusa ya kuwaandika. Daktari alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitano. Alimwamkia babu shikamoo, akasikiliza habari ya kiuno, ya homa, ya damu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliweka pamoja na hayo: "Mzee wangu, mkojo unatokaje?"

Babu alinitazama. Nikatoka nje.

Kilichofuata ndani, babu alikuja kunisimulia mwenyewe, naye ndiye aliyeniruhusu kukieleza. Daktari alivaa glavu, akampima kwa kidole. Tezi dume ipo mbele ya njia ya haja kubwa, na kidole huigusa upande wa nyuma. Tezi nzima huwa laini kama nyama ya kiganja chini ya kidole gumba. Ya babu ilikuwa ngumu, yenye mabonde, kama jiwe la matumbawe. Kipimo hiki ni cha zamani kuliko mashine yoyote iliyomo katika hospitali ile, na nchini kwetu ndicho kinachofanyiwa mzaha kuliko vyote. Babu alisema, "Kidole hakikuchukua muda wa kusema Alhamdu. Na mimi nilikikimbia miaka miwili."

Kisha damu. Kipimo cha PSA hutafuta protini inayotengenezwa na tezi dume. Ming Chu Wang na wenzake wa Roswell Park, mjini Buffalo, waliitenga mwaka 1979. Marekani iliruhusu kipimo hicho mwaka 1986 kwa kufuatilia wagonjwa, na mwaka 1994 kwa kusaidia kugundua wapya. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, Alexander na Ethel Gutman wa New York walikuwa wameona kwamba wagonjwa ambao saratani hii imefika mifupani huwa na kimeng'enya fulani kwa wingi katika damu. Ilikuwa mara ya kwanza damu ya mkononi kuleta habari ya uvimbe uliofichika nyongani. Kiwango cha PSA ambacho madaktari wengi wamezoea kukiona cha kawaida ni chini ya nanogramu 4 kwa mililita. Cha babu kilipita 1,000.

Picha ya eksirei ilionyesha pingili na nyonga nyeupe kupita kiasi. Saratani nyingi zikifika mfupani huula, zikaacha matundu meusi. Hii mara nyingi hufanya kinyume: huuchochea mfupa ujijenge bila mpango, ukang'aa kama uliopakwa chokaa. Babu aliitazama picha dhidi ya mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. "Huu mfupa umezidi," alisema. "Lakini hauna nguvu?" Daktari akamjibu kwamba hasa hauna.

*

Hapo watu wengine wangeishia. Tezi ngumu, PSA ya juu, mifupa myeupe: jibu linaonekana. Lakini damu ya babu ilikuwa chini mno, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa chache. Daktari alitaka kujua kwa nini, maana kifua kikuu cha mifupa kipo kwetu, na saratani za damu zenyewe zipo, na dawa ya hii si dawa ya ile.

Aliomba tone la damu lipakwe kwenye kipande cha kioo na litazamwe kwa hadubini na mtu asiye na haraka. Habari hii ya kioo ilinigusa kwa sababu yangu mwenyewe. Mafia tuna historia na kioo cha damu. Kisiwa chetu kilikuwa na matende na mabusha kwa wingi, na mdudu wake ana tabia ya kujitokeza katika damu ya juu usiku wa manane. Waliomtafuta walilazimika kuja usiku, kuanzia saa nne hadi saa nane, wakichoma vidole kwa mwanga wa taa. Serikali ilipoanzisha mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, Mafia ndiko ugawaji wa dawa ulikoanzia, mwaka 2000. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka watu wazima wakipimwa kimo kwa fimbo ili wajulikane wameze vidonge vingapi, na nakumbuka wanaume waliokuwa wameficha mabusha chini ya misuli kwa miaka wakiyazungumza hadharani, kwa sababu kila mtu alikuwa kwenye foleni ileile.

Damu ya babu ilikuwa imepakwa kwenye vioo vingi kabla ya siku ile, kila mara ikitafutwa malaria. Unaona unachokitafuta. Safari hii mtaalamu wa maabara aliona kitu kingine: chembe nyekundu zilizokuwa bado na viini, chembe nyeupe changa ambazo hazikupaswa kuwa nje, na chembe nyekundu zilizovutwa upande mmoja mfano wa tone la chozi.

Chembe nyekundu hukua ndani ya uloto, na kabla ya kutoka hutupa kiini chake. Ukiikuta mtaani ikiwa na kiini, imefukuzwa nyumbani kabla ya wakati. Aidha mwili unahangaika kwa upungufu mkubwa wa damu, aidha kuna mgeni ndani ya uloto anayejaza nafasi. Chembe za tone la chozi zilielekeza kwenye mgeni. Ndivyo zinavyokuwa zikijipenyeza kutoka katika uloto uliobanwa.

Jibu la mwisho lilihitaji kipande cha uloto wenyewe. Njia hii nayo ina wazee wake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mikhail Arinkin wa Leningrad alionyesha kwamba uloto unaweza kuvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa kifua cha mtu aliye hai, pasipo upasuaji. Mwaka 1971 Khosrow Jamshidi, daktari mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi Marekani, alitoa muundo wa sindano yenye ncha iliyobanwa kidogo, inayoweza kuchomoa kijiti kizima cha mfupa bila kukiponda. Ni sindano ya namna hiyo iliyotumika kwa babu, katika mfupa wa nyonga upande wa nyuma, baada ya kuchomwa ganzi. Mara ya kwanza walipovuta haikuja kitu. Uloto uliojaa saratani na makovu hukataa kuvutika, na ukavu huo peke yake ni habari. Basi wakachukua kijiti.

Babu, amelala ubavu, alisikia mkono wa daktari ukizungusha sindano kwenda na kurudi. "Unatumia keekee," alisema. Daktari hakujua keekee ni nini. Babu akamweleza, pale pale, jinsi fundi anavyotoboa mbao kwa uta na kamba ili msumari upite bila kupasua. Ndiyo mara pekee siku ile niliyosikia watu wakicheka.

Majibu yalichukua zaidi ya wiki mbili. Mwanapatholojia aliona visiwa vya chembe ngeni katikati ya mfupa uliojijenga ovyo, na rangi maalumu inayoshika protini ya tezi dume ilizishika chembe zile. Asili yake ikawa imejulikana.

*

Mjomba aliposikia "saratani" na "uloto" katika sentensi moja alikaa chini. Kwa Watanzania wa rika lake maneno hayo yanarudisha Oktoba 14, 1999, siku Mwalimu Nyerere alipofariki London kwa saratani ya damu. Alijua mwisho wa hadithi ile. Daktari akatenganisha mambo mawili ambayo historia yote niliyoieleza ilifanya kazi kuyatenganisha. Saratani ya damu huzaliwa ndani ya uloto. Hii ilizaliwa kwenye tezi dume, ikahamia. Kuhama hakuibadilishi kabila. Bado inaishi kwa homoni ya kiume, hata ikiwa mfupani.

Kauli hiyo ya mwisho ilipatikana Chicago. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha kwamba kuondoa korodani, au kutoa homoni ya kike, hupunguza saratani ya tezi dume hata ikiwa imeenea. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sasa kuna sindano zinazozima homoni ile bila kisu, lakini hurudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu, kwa maisha yote.

Babu aliuliza sindano hizo zinapatikana wapi. Akahesabu: Jibondo, Kisiwa Kikuu, Kilindoni, Nyamisati, Mbagala, na kurudi, Kusi na Kaskazi. Akauliza kama atabaki mwanaume. Daktari hakumdanganya, alimweleza kitakachoondoka na kitakachobaki. Babu akanyamaza mpaka adhana ya alasiri. Kisha akasema, "Nimepata watoto tisa. Nikate."

Kwanza tulimtolea damu, mimi na mjomba na vijana wawili wa Jibondo wanaofanya kazi feri. Baada ya upasuaji maumivu yalianza kupungua katika siku chache, na ganzi ya miguu ikarudi nyuma baada ya mionzi. Mionzi aliipata Ocean Road. Jengo lile lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 kuwa hospitali ya Wazungu, na Robert Koch alifanya utafiti humo. Huduma ya saratani ilianza pale mwaka 1980, na taasisi ikasimama yenyewe kwa sheria ya mwaka 1996. Babu alipenda dari zake ndefu na upepo wa bahari. Alisema fundi aliyelijenga alijua Kaskazi inatoka wapi.

Wodini nilitazama wanaume wengine. Wengi walikuwa wamekuja kama babu, kwa kiuno, kwa miguu, kwa damu. Kwa muda mrefu madaktari wa kikoloni waliamini saratani hii ni nadra kwa Waafrika. Ilikuwa kauli ya Adams iliyohamishiwa kwetu. Daftari la saratani la Kampala, lililoanzishwa na J.N.P. Davies mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoanza kuhesabu badala ya kuamini, na hesabu za huko za saratani ya tezi dume zimepanda kwa miongo kadhaa. Leo nchini mwetu ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume.

Mwaka huohuo wa 2018, huko Marekani, jopo la wataalamu wa kinga lililokuwa limeshauri mwaka 2012 watu wasipimwe PSA kwa kuchunguzwa tu, lilibadili ushauri: wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe pamoja na madaktari wao. Ubishi wao ni wa kweli. Kipimo hugundua saratani nyingi ambazo zisingemuua mtu, na matibabu yana madhara. Lakini nilipousoma nikiwa kwenye benchi la wodi niliona tumesimama pande mbili za bahari. Wao wanaogopa kugundua mapema mno. Sisi tunagunduliwa na miguu inapokufa ganzi.

Na siri ina gharama kwa wakubwa na wadogo. Nelson Mandela alitibiwa saratani hii mwaka 2001, dunia ikijua. Mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa waziri wa huduma za tiba wa Kenya, alitangaza kwamba anayo, akaenda kutibiwa Marekani. Wakenya waliuliza, kwa haki, ni wangapi wangeweza kumfuata huko. Hata hivyo, tangazo lile liliwapa wanaume sentensi ya kusema: ninao ugonjwa wa waziri.

*

Babu alirudi Jibondo Kaskazi ilipoanza. Alitumia fimbo. Hakushika tezo tena, lakini kila asubuhi aliketi chini ya mti ufukweni walipokuwa wakiunda mashua, akigonga mbao kwa kifundo cha kidole kusikiliza kama zimeliwa ndani na funza wa baharini. Siku ya tatu, fundi mwenzake alimuuliza walikokuwa wamemkata nini. Babu akajibu kwa jina la kiungo. Vijana walitazama mchangani. Kisha akaeleza: mkojo ulivyoanza, udhu ulivyomshinda, kidole, kioo, sindano ya nyonga. Alisimulia kama fundi anavyosimulia kosa la chombo, kwa mpangilio, bila kujionea huruma.

Alifariki mwanzoni mwa 2020, nyumbani. Ugonjwa huu ukishafika mifupani hutibiwa lakini hauondoki, na baada ya muda hujifunza kuishi bila homoni. Tulikuwa tumeambiwa. Ile miezi kumi na minane aliiswali yote msikitini, kwenye kiti chake, akitawadha kwa kila swala.

Wanaume kadhaa walikwenda kupima baada yake. Mmoja tezi yake ilikuwa imekua tu kwa umri, si saratani, na amepata nafuu kwa vidonge. Mwingine bado anafuatiliwa. Mwingine aliahidi kwenda bamvua likipita, na mabamvua mengi yamepita.

Mimi nimebaki na mazoea ya kuuliza. Si swali gumu, ila linahitaji adabu na faragha, na ni bora aulize mtu anayependwa: usiku unaamka mara ngapi, mkojo unatokaje, kiuno hiki kinauma hata ukiwa umelala? Kinachouma usiku bila kazi kinastahili daktari. Mwenye baba au kaka aliyevuka miaka 45 asisubiri kiuno.

Kiti cha babu kiko msikitini hadi leo. Ijumaa ya mwisho niliyokuwa Jibondo nilimkuta mzee mwingine amekikalia, jirani yetu, mvuvi wa pweza. Watu walipotawanyika nilimwamkia, nikaketi mkekani karibu na miguu yake, nikamuuliza kiuno kilianza lini.